Nahodha Hakimbilii Kamba

Tulipozungumza juu ya akina mama wanaorudi kwenye masomo wakiwa tayari na watoto, barua zilikuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Wengi mliuliza habari za ushonaji, uuguzi na uhasibu. Barua moja tu iliuliza habari za bahari, nami nimeona niijibu hiyo kwanza, maana aliyeiandika ana wiki sita tu mbele yake.

Dada huyu ni mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka saba sasa anaishi Southampton, kusini mwa Uingereza, pamoja na mumewe na watoto wawili. Kazi yake ni upishi katika yoti za kukodisha, yaani zile boti za matanga zinazochukua wageni kwa wiki moja au mbili. Humo ndimo alimojifunza kutweka matanga, kushika usukani na kusoma ramani ya bahari. Sasa anataka cheti cha unahodha ili asibaki jikoni siku zote. Septemba iliyopita alifanya mtihani wa vitendo, akashindwa. Anaandika kwamba mtahini alimweleza kwa upole kuwa amemwona baharia hodari, lakini nahodha hakumwona. "Dada yangu," ananiuliza, "maana yake nini? Kila kazi niliifanya mwenyewe, tena vizuri."

Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili tatu. Kisha nikawatafuta akina dada wawili wenye cheti hicho, mmoja wao akiwa mwalimu wa kazi ya matanga, nikawasomea barua. Wote wawili walicheka kidogo, si kwa kumdharau, wakasema jibu limo ndani ya swali lenyewe.

Mtihani wa namna gani?

Kwa ajili ya wasomaji wengine nieleze kwanza jambo lenyewe. Cheti anachokitafuta dada yetu kinaitwa Yachtmaster Offshore. Hutolewa na chama cha Royal Yachting Association kwa kushirikiana na idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama wa vyombo vya baharini. Mtu haingii kwenye mtihani huu kwa kulipa ada tu. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Awe amekaa baharini siku 50 na kusafiri maili 2,500 za baharini, angalau nusu yake katika maji yanayojaa na kupwa. Katika maili hizo ziwemo safari 5 za zaidi ya maili 60 kila moja, mbili akiwa yeye ndiye nahodha, na mbili za kukesha usiku. Siku 5 awe ameongoza chombo mwenyewe. Aonyeshe pia cheti cha huduma ya kwanza na cha kutumia redio ya baharini.

Baada ya hapo hakuna chumba cha mtihani. Mtahini hupanda chomboni na begi lake. Si yule mwalimu aliyekufundisha, bali ni mtu mwingine kabisa. Wewe unakuwa nahodha, wanafunzi wenzako au rafiki zako wanakuwa mabaharia, naye anakaa pembeni akitazama. Akiwa na mtahiniwa mmoja, kazi huchukua saa 8 hadi 12. Wakiwa wawili, saa 10 hadi 18, mchana na usiku. Katikati ya safari anakuuliza maswali ya hali ya hewa, ya taa, ya nani ampishe nani. Mwisho anakuambia umefaulu au hukufaulu.

Dada yule mwalimu alinieleza hivi: mtahini ana swali moja moyoni mwake, nalo ni kama angewaacha watoto wake mwenyewe chomboni mwako usiku wa upepo, yeye akaenda kulala.

Mkono wako wa tatu

Turudi kwenye barua. Dada yetu ameeleza jinsi mtihani wake ulivyokwenda. Alipotakiwa kufunga chombo gatini, alishika usukani, akauacha akakimbia mbele kutengeneza kamba, akarudi, akakimbia tena. Mabaharia wake watatu walikuwa wamekaa. Hakuwa amewaambia lolote.

Akina mama wenzangu, tusimshangae. Sisi tumelelewa hivyo. Wageni wakija, mama ndiye anayechota maji, anayepika, anayepakua, anayeosha vyombo, na kijana wa miaka kumi na mitano amekaa anatazama televisheni. Tunasema "acha, nitafanya mwenyewe," kwa kuwa kumweleza mtu kunachosha kuliko kufanya. Nyumbani hasara yake ni mgongo kuuma. Chomboni hasara yake ni kwamba hakuna anayetazama mbele. Wahenga wa pwani walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nao hawakusahau kwamba chombo kisicho na nahodha hata mmoja huenda mrama vilevile, na nahodha aliyeinamia fundo la kamba, kwa dakika hiyo, hayupo.

Kwa hiyo, dada, zoezi lako la kwanza katika wiki hizi sita lisiwe la mikono. Kila utakapopanda chombo, jizuie kugusa kamba yoyote. Simama karibu na usukani, mpe mwingine aushike kama anaweza, na useme kinachotakiwa kufanyika. Sema jina la mtu kwanza, kisha kazi, kisha lini. "Juma, legeza kamba ya tanga la mbele nikikuambia." Ukisema "mtu mmoja alegeze kamba," wataruka watatu au hatainuka hata mmoja. Subiri akujibu ili ujue amesikia. Wala usipaze sauti bila sababu. Kelele za nahodha huwafanya mabaharia wakimbie ovyo, na mtahini huzisikia pia. Kwa upepo mkali sauti haifiki mbele ya chombo hata ukipiga yowe, basi pataneni mapema juu ya ishara za mikono.

Zoezi la mtu kuanguka majini ndilo linaloonyesha jambo hili kuliko yote. Wakati wowote, pengine mkiwa mnamimina chai, mtahini atatupa majini dapra, yaani lile pira linaloning'inizwa ubavuni kukinga chombo. Hulifunga pamoja na ndoo ili upepo usilipeperushe. Hapo atasema: mtu ameanguka. Nahodha anatakiwa atoe amri tatu au nne kwa mfululizo. Mmoja amnyooshee kidole aliye majini na asiondoe macho hata kwa sekunde moja, kwa sababu kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea upesi ajabu. Wa pili atupe boya la kuokolea. Wa tatu aseme kwamba angebonyeza kitufe chekundu cha redio na kuomba msaada. Aseme tu, asibonyeze, maana mtihani si ajali.

Kisha chombo chenyewe. Njia inayofundishwa sana ni kuondoka upepo ukikipiga chombo ubavuni, kubisha, halafu kurudi kikielekea upepo kidogo zaidi, matanga yakilegezwa mpaka yapeperuke na mwendo ufe. Mtu awe upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, karibu na mlingoti. Ukitaka kuwasha injini, kwanza mtu atazame pande zote kama kuna kamba inayoburura majini; kamba ikijisokota kwenye rafadha, injini hiyo hamna tena. Dada yetu alifika vizuri kabisa hadi karibu na dapra. Hapo akaacha usukani ili akalivute mwenyewe. Omo ya chombo ikageuka na upepo, dapra likapita nyuma, akaanza upya. Mara tatu. Maji ya huko mwanzo wa majira ya kuchipua huwa nyuzi 10 au chini yake, na mtu aliyeanguka humo hupoteza nguvu za mikono ndani ya dakika chache. Mtahini alikuwa akihesabu dakika hizo.

Kuhusu kufunga gatini nitasema machache, kwa kuwa mikono unayo. Kabla ya kukaribia jiulize nani mwenye nguvu, upepo au mkondo, na ukaribie ukimtazama huyo mwenye nguvu. Mkondo ukikujia usoni, maji yanapita kwenye usukani hata kama chombo kimesimama tuli kando ya gati, nawe unaendelea kukiongoza. Waeleze mabaharia kila kitu mngali nje, kamba na dapra zikiwa tayari, na mtu asiruke. Waambie pia mtatoka vipi kama mambo yakiharibika. Kugeuka na kurudi nje ili kujaribu tena hakukupunguzii sifa. Kinachoharibu ni kung'ang'ania.

Gesi na ngama

Kuna sehemu moja, dada, ambapo kazi yako ya jikoni inakutangulizia wengine wote, nayo ni maelezo ya usalama. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha huwaeleza watu wote mambo ya chomboni: majaketi ya kuokolea maisha yavaliwe namna gani, vizima moto viko wapi, fataki za ishara ya hatari zinawashwaje, choo kinatumikaje, redio inaitaje msaada kama nahodha mwenyewe ndiye aliyeanguka.

Wengi husoma maelezo hayo kama kasuku. Wewe waeleze habari ya gesi kama mpishi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, hutoka mlangoni taratibu. Chomboni haina mlango wa chini wa kutokea. Huteremka hadi ngamani, pale chini kabisa panapokusanyika maji machafu, ikatulia huko isionekane, mpaka mtu awashe injini au apige kiberiti. Ndiyo sababu gesi hufungwa kwenye mtungi wenyewe kila baada ya kupika, wala si kwenye jiko tu. Onyesha bomba kwa kidole. Mwambie kila mmoja afunge na kufungua mbele yako. Tumezoea kusema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa gesi maneno hayo ni kweli kabisa.

Maji yasiyotii hesabu

Mtihani wako utakuwa katika mlango wa bahari uitwao Solent, kati ya bara ya Uingereza na kisiwa cha Isle of Wight. Wewe umekulia pwani. Bamvua na maji mafu hukufundishwa na mtu yeyote mwenye cheti. Bibi zetu waliokwenda kuchokoa pweza mwambani walitazama mwezi, wakajua siku ya kwenda na saa ya kurudi. Hiyo ni akiba kubwa, lakini Solent itakusumbua kidogo.

Kwetu maji hujaa kwa utaratibu unaokubali ile hesabu ya kugawa kwa 12. Kama maji yatapanda mita 3 kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda sentimita 25 hivi, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, ya tano 50, na ya sita 25. Southampton hesabu hiyo inakataa. Huko maji hujaa mara mbili: yanafika juu, yanasita au kushuka kidogo, yanapanda tena, halafu yanapwa kwa haraka. Kwa sababu hiyo kilele cha maji kujaa ni kigumu kukitambua, na michoro ya maji ya eneo hilo huhesabiwa kuanzia saa ya maji kupwa. Maeneo mengi mengine huanzia maji kujaa. Mtahini atakupa bandari ndogo na saa, akuulize kina kitakuwa mita ngapi. Fanya hesabu hizo kila siku mezani, hata kama ni moja tu, mpaka mkono uzoee kwenda kwenye mchoro sahihi.

Mikondo nayo ina nguvu. Kwenye mlango mwembamba wa Hurst, upande wa magharibi, siku za bamvua mkondo hupita noti 4. Yoti ya kawaida hukimbia noti 5 au 6. Ukienda kinyume cha maji hayo utatumia dizeli na saa nzima ukiitazama ngome ileile. Hivyo mpango wa safari huanza na saa ya mkondo, ndipo mambo mengine yafuate.

Katikati ya Solent kuna fungu liitwalo Bramble. Siku za maji kupwa sana huibuka, na kuna vilabu viwili vya yoti ambavyo hucheza kriketi juu yake kila mwaka kabla maji hayajarudi. Wasomaji msidhani ni mchezo tu. Novemba 2008 meli maarufu QE2, ikiingia Southampton kwa mara ya mwisho, ilikwama hapo. Januari 2015 meli ya kubeba magari, Hoegh Osaka, ilipolala ubavu ilishindwa kujiongoza, ikachukuliwa na maji hadi ikakwama juu ya fungu hilohilo, na watu wote wakaokolewa. Meli hizo kubwa zina sheria yake: meli yenye urefu wa zaidi ya mita 150 ikipita hapo, chombo kidogo kisiingie mita 1,000 mbele yake wala mita 100 kando yake. Usingoje mtahini akukumbushe. Ukiiona meli inatokea, mwambie baharia mmoja kwa jina aifuatilie kwa macho.

Ukungu wa kujifanya

Jambo linalowatia hofu watahiniwa wengi ni safari ya ukungu. Jua linaweza kuwa linawaka, lakini mtahini anasema kuna ukungu, anakuteremsha chini kwenye meza ya ramani, wala hutazami nje tena. Kile chombo cha setilaiti kinachokuonyesha mahali ulipo anaweza kukuambia ujifanye kimezimika. Umebaki na dira, saa, kipima mwendo, kipima kina, na sauti za mabaharia wako. Toka hapa, anakuambia, unipeleke mpaka boya lile.

Hapa ndipo asiyejua kutuma watu hushindwa moja kwa moja, kwa kuwa hana macho mengine. Mmoja yuko kwenye usukani na anafuata dira tu. Mwingine anakusomea kina kila baada ya muda mliopatana. Wengine wanatazama na kusikiliza, na mmoja wao anapiga honi: mkienda kwa injini, mlio mmoja mrefu kila baada ya muda usiozidi dakika mbili. Majaketi yamevaliwa na wote.

Wewe chini unafuata kina kama mtu anavyopapasa ukuta gizani. Ramani inasema mita 5. Hesabu yako inasema maji yamepanda mita 2.4, basi kipima kina, kama kinapima kuanzia usawa wa maji, kikisoma 7.4 uko kwenye mstari wa mita 5, nawe unaufuata. Dada yule mwalimu alinipa siri moja ninayoipenda. Usilenge boya lenyewe. Ukililenga na ukalikosa, hujui liko kulia au kushoto. Lenga makusudi upande mmoja wake, tuseme kushoto kidogo. Ukifika kwenye kina chake bila kuliona, unajua lazima liko kulia. Geuka, fuata kina, utalikuta.

Usiku ni vivyo hivyo, ila taa ni nyingi mno. Taa za boya hujificha mbele ya taa za mji, za maduka, za magari. Andika mapema katika daftari kila taa utakayoikuta, rangi yake, inavyomweka, na mwelekeo wake kwa dira. Kwa maboya yanayoonyesha upande salama, tumia uso wa saa: mashariki humweka mara 3, kusini mara 6 na mmweko mmoja mrefu, magharibi mara 9, na kaskazini humweka mfululizo bila kupumzika. Tazama tarakimu zilivyochorwa kwenye saa, usifuate saa ya Kiswahili, la sivyo saa tatu yako itakupeleka magharibi. Taa za vyombo wape watoto wakuulize jioni. Wachore kadi kwa kalamu za rangi: nyekundu juu ya nyeupe, mvuvi, kijani juu ya nyeupe, mvuvi anayekokota juya, nyeupe juu ya nyekundu, rubani, nyekundu mbili, chombo kisichoweza kujiongoza. Watoto hufurahi mama akikosea, nao hawachoki kurudia.

Usiyachukulie haya kuwa ya kukariri tu. Agosti 2006 yoti ndogo iitwayo Ouzo ilipotea usiku kusini mwa Isle of Wight. Wanaume watatu waliokuwamo wakafa wote. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba huenda iligongwa, au ilizamishwa na mawimbi, na kivuko kikubwa kilichopita karibu mno. Katika uchunguzi wao walitazama kwa makini kama taa za yoti ndogo zinaonekana sawasawa kutoka kwenye meli, na kama vile vyuma vya kuakisi rada vinafanya kazi inayodhaniwa. Mtahini akikuuliza kuhusu taa yako ya mlingotini, anauliza habari hizo.

Kuhusu mume wako

Umeandika kwamba mumeo hakukatazi, ila anasema upishi chomboni ni kazi ya heshima na unahodha ni wa wanaume. Sitaki kuingia kati ya mtu na mumewe kwa barua moja. Nitakupa tu habari ya mwanamke mmoja, umsimulie jioni mkiwa mmeshiba.

Tracy Edwards, Mwingereza, naye alianza kwa kuhudumia wageni kwenye yoti. Katika mashindano ya kuzunguka dunia ya mwaka 1985 hadi 1986 alipata nafasi chomboni, nafasi yenyewe ikiwa ya mpishi. Baadaye alinunua yoti kuukuu, akaikarabati na wenzake, wakaiita Maiden. Septemba 1989 walitoka Southampton, huko huko unakoishi, mabaharia wote wakiwa wanawake, naye akiwa nahodha na mwenye kuonyesha njia kwa pamoja. Wengi walitabiri hawatafika mbali. Walishinda awamu mbili katika daraja lao, na Mei 1990 wakarudi Southampton wakiwa wa pili katika daraja hilo. Mwaka huohuo Tracy akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Uingereza ya mwanamatanga wa mwaka.

Mumeo akikubali, mwombe awe baharia wako Jumamosi mbili tatu. Umesema hajui kitu chomboni. Vizuri zaidi. Ukiweza kumwelekeza asiyejua kitu, mkafunga gatini bila yeye kuchukia wala wewe kugusa kamba, watahini wawili hawatakushinda.

Swali lako la mwisho lilikuwa la chakula: je, umpikie mtahini? Siku ni ndefu na watu wenye njaa hawasikii amri, kwa hiyo chakula ni sehemu ya unahodha. Lakini siku hiyo usikae jikoni. Pika mchuzi wa nyama na maharage nyumbani siku iliyotangulia, uupoze, uufunge vizuri. Chukua mkate, chupa mbili za chai ya tangawizi, na biskuti kavu kwa atakayechafukwa na tumbo. Mchana ukifika, mtaje mmoja kwa jina, mwambie apashe moto na kupakua, kisha afunge gesi kwenye mtungi na kukuambia amefunga. Wewe kula huko huko juu, bakuli mkononi, ukitazama mbele.